Ripoti ya mwaka ya shirika la mazingira: maswali tunayoulizwa kila inapotoka

Ripoti ya mwaka inapotoka, maswali huja kwa njia mbili. Kuna yale ya ukumbini, mbele ya bodi na wafadhili, na kuna ya pembeni, watu wakishainuka vitini. Ya pembeni ndiyo mazuri. Hapa nimeyachanganya yote mawili. Nimeandika ripoti hizi kwa miaka mingi, za mashirika yasiyo ya kiserikali yanayoshughulika na miti, maji, taka na nishati, na silisemei lolote kati ya hayo. Najibu kuhusu kazi yenyewe: jinsi mwaka mzima unavyogeuzwa kurasa arobaini, na jinsi msomaji anavyoweza kujua kilichofanyika kweli.

"Uendelevu" ni nini? Mbona neno hili limebebeshwa kila kitu?

Limechoka, nakubali. Maana inayorejelewa zaidi ilitolewa mwaka 1987 na tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway: maendeleo yanayokidhi mahitaji ya walio hai leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi ya kwao. Kivitendo, shirika moja la uendelevu linapanda miti, lingine linafundisha kutengeneza mboji, lingine linasambaza majiko banifu, yaani yanayotumia kuni kidogo, na lingine halishiki jembe kabisa, liko mahakamani na mchafuzi wa mto. Kwa hiyo usishangae ripoti mbili zikikosa hata ukurasa mmoja wa kufanana. Kabla ya kusoma tarakimu, tafuta sentensi inayosema shirika lipo ili kupunguza tatizo gani. Ukiikosa ndani ya kurasa tano za mwanzo, huenda hata wenyewe hawana.

Mmepanda miti mingapi?

Swali hili linapendwa kuliko yote, na ndilo linalotuponza.

Nililijua hilo kwa aibu. Mwaka mmoja niliandika idadi ya miche kama nilivyoipokea kutoka kitaluni, ikachapwa kwenye jalada kwa herufi nene. Kiangazi kilipokwisha nikatumwa shambani na kamba, vigingi na daftari. Kuhesabu si kugumu, kunachosha tu: unachagua vipande vya shamba kwa bahati nasibu, unavizungushia kamba, unapita mstari kwa mstari, mmoja anataja na mwingine anaandika. Hai, hai, kavu, hakuna, hai. Tulipofika mstari wa tatu "kavu" zikaanza kufuatana. Mwenzangu akaushika mche mmoja, akauvuta kwa vidole viwili. Ukatoka mzima, mizizi imejikunja ndani ya kiriba cheusi cha plastiki kama uzi kwenye kibonge. Siku ya kupanda walikuja wageni wengi na kamera nyingi, na hakuna aliyewaambia kwamba kiriba huvuliwa kabla mche haujaingia shimoni. Miti ilipandwa, hilo ni kweli. Ilipandwa na jela yake.

Jibu la maana, basi, lina namba tatu: iliyopandwa, iliyokuwa hai baada ya kiangazi cha kwanza, na iliyo hai mwaka wa tatu. Tuseme imepandwa miche 10,000, mwaka wa kwanza ikabaki 8,000, mwaka wa tatu 5,500. Msitu ulionao ni wa miti 5,500, na gharama ya kila mti imekaribia kuwa maradufu ya ile iliyoandikwa kwenye andiko la mradi. Hiyo si kashfa. Miti hufa hata kwa mtunzaji hodari. Kashfa ni kurudia ile 10,000 kila mwaka kana kwamba hakuna aliyerudi kutazama.

Mfano ulioandikwa vizuri ni wa mikoko ya Sri Lanka. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, pesa nyingi ziliingia kurudisha mikoko pwani. Watafiti waliporudi kukagua maeneo 23 ya miradi hiyo, utafiti wao uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika maeneo 9 hakukuwa na mche hata mmoja uliobaki. Sababu zilikuwa za kawaida mno: mche umewekwa mahali ambapo maji hujaa kupita kiasi au hayafiki, na baada ya kupandwa hakuna aliyeuangalia tena, mifugo ikapita. Mkoko una mahali pake kati ya bamvua, maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo. Ukiukosea kwa nusu mita tu, hautakusamehe.

Kinyume chake ni uamuzi wa Wangari Maathai. Alipoanzisha Green Belt Movement, vuguvugu la kupanda miti, nchini Kenya mwaka 1977, kina mama walipewa malipo madogo kwa kila mche uliokuwa umeshika. Tazama pesa zilipowekwa: kwenye uhai, si kwenye shimo. Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004 ilimkuta akiwa na miaka mingi ya hesabu za namna hiyo.

Kwa hiyo lazima kupanda?

Hapana, na hapa ndipo ripoti nyingi hukosea hata zikiwa za kweli. Ardhi nyingi inayoitwa jangwa ina visiki chini yake ambavyo bado vina mizizi hai. Mkulima akichagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, akapogoa mengine na kuzuia mifugo, mti hurudi haraka kuliko mche wa kitaluni, kwa sababu mzizi ulishafika kwenye unyevu zamani. Kwa Kiswahili njia hii imepata jina zuri, kisiki hai. Nchini Niger, ambako mtaalamu wa kilimo Tony Rinaudo alianza kuieneza miaka ya 1980, takriban hekta milioni 5 zilipata miti tena namna hiyo, wakulima wakifundishana wenyewe.

Tatizo la kisiki hai ni kwamba hakipendezi pichani. Hakuna mche wa kumkabidhi mgeni rasmi. Nimeona shirika lenye kazi nzuri ya kupogoa likaongeza kitalu ambacho halikukihitaji, ili tu mwishoni mwa mwaka liwe na idadi ya kutaja.

Na tani za taka mlizokusanya?

Uliza zilipimwa vipi. Gunia la plastiki lililookotwa ufukweni huwa na mchanga, maji na matope. Likipimwa papo hapo kwenye mizani ya kuning'iniza, usafi wa ufuko hugeuka usafirishaji wa mchanga. Lianikwe siku mbili, likung'utwe, ndipo lipimwe. Swali la pili: zilikwenda wapi? Taka iliyotolewa ufukweni ikatupwa dampo lisilo na uzio hurudi baharini mvua ya kwanza. Kiwango kilichochakatwa kweli huandikwa kwa stakabadhi ya mnunuzi, si kwa kukadiria.

Tukiwa hapo hapo: mkataba wa dunia wa kuzuia uchafuzi wa plastiki, ambao nchi zilikubaliana kuanza kuujadili katika mkutano wa Nairobi wa Machi 2022, haukupatikana Busan mwishoni mwa 2024 wala Geneva Agosti 2025. Ripoti inayotaja mkataba huo kama kitu kilichokwisha kufikiwa imeandikwa na mtu asiyefuatilia.

"Wanufaika" ni akina nani? Mbona ni wengi hivi?

Kwa sababu hesabu ya wanufaika ni kama mpira wa kuvuta, hurefuka kadiri ya mkono. Mtu mmoja akihudhuria mafunzo matatu, orodha za mahudhurio humtoa akiwa watu watatu. Kaya ikipata jiko, waliomo ndani wote huhesabiwa, na mara nyingi si kwa kuhesabiwa bali kwa kuzidisha idadi ya majiko kwa wastani wa watu kwa kaya. Halafu wapo "wanufaika wasio wa moja kwa moja", na hapo mlango huwa wazi kabisa: kila aishiye chini ya mlima ambao umepandwa miti, kila asikilizaye redio iliyorusha kipindi.

Mimi napendelea orodha ya majina, kila jina mara moja, yenye aina ya msaada mbele yake. Idadi hushuka vibaya sana mwaka wa kwanza wa kufanya hivyo. Meneja mmoja aliwahi kuniuliza kama nataka shirika lifungwe. Mwaka uliofuata ndiye aliyeitumia orodha ile ile kujua ni kaya zipi zilizopata mbegu bila kupata mafunzo.

Mbona tarakimu za mwaka huu hazilingani na za mwaka jana?

Kuna sababu halali: njia ya kupima imebadilika, mradi umekwisha, mwaka wa fedha umesogezwa, kosa limegunduliwa likasahihishwa. Zote huandikwa kwa sentensi moja chini ya jedwali. Sentensi hiyo isipokuwepo, uliza. Na kama jedwali halina kabisa takwimu za msingi, yaani hali ilivyokuwa kabla ya kazi kuanza, basi hakuna maendeleo unayoweza kuyapima humo. "Maji sasa ni safi kwa asilimia fulani" haisemi lolote mpaka ujue yalikuwaje.

Mnasema mmepunguza tani kadhaa za hewa ukaa. Mlizionaje?

Hazionekani. Hukokotolewa, na kila hatua ya kukokotoa ina mlango wa kuingiza matumaini.

Hatua ya kwanza ni kipimo. Tani ya kaboni si tani ya kaboni dioksidi, ambayo ndiyo hewa ukaa: kaboni ikiungana na oksijeni uzito hupanda mara 3.67, kwa hiyo anayechanganya maneno hayo mawili anaweza kukosea karibu mara nne bila kudanganya. Methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto, nayo huhesabiwa kwa kulinganishwa, tani moja yake ikipasha joto takriban mara 28 ya tani ya kaboni dioksidi katika miaka 100.

Hatua ya pili ni kuuliza: bila mradi huu, ingekuwaje? Msitu ambao hakuna aliyekuwa na nia ya kuukata haukuokolewa na mtu. Ya tatu, je, ukataji umekoma au umehamia bonde la pili? Ya nne, kaboni hiyo itakaa miaka mingapi? Moto wa usiku mmoja unaweza kurudisha angani kazi ya miaka thelathini.

Majiko banifu yanafundisha vizuri hapa. Jiko zuri hupunguza kuni na moshi, na moshi wa jikoni unaua: Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani. Hilo peke yake linatosha kulitetea jiko. Lakini mashirika mengi yameuza pia hati za kaboni, yaani vyeti vya tani zinazodaiwa kupunguzwa, kwa kudhani kila jiko lililogawiwa hutumika kila siku na mafiga yametupwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa Januari 2024, ulikuta sampuli ya miradi ya majiko imejipa hati zaidi ya stahili kwa takriban mara 9. Ukiingia jikoni utaona kwa nini: jiko jipya liko pembeni na sufuria ndogo juu yake, mafiga matatu yako mahali pake na majivu ya jana, kwa sababu sufuria kubwa haikai kwenye jiko lile. Dodoso likiuliza "una jiko banifu?" jibu ni ndiyo. Swali la kuuliza lilikuwa "umepikia nini jana?"

Shirika lenyewe je, halichafui?

Linachafua. Utaratibu unaotumika duniani kote, ulioanza kuchapishwa mwaka 2001, hugawa uchafuzi sehemu tatu: unaotoka kwenye magari na jenereta zako, unaotokana na umeme unaonunua, na mwingine wote, zikiwemo safari za ndege na vitu ulivyoagiza. Kwa shirika dogo sehemu ya tatu ndiyo huwa nzito, hasa ndege za kwenda mikutanoni kuzungumzia tabianchi. Mstari mmoja wa hesabu hiyo kwenye ripoti unatosha. Kuuruka ni kujipa likizo.

Taarifa ya fedha inaonyesha pesa benki, nanyi mnalia hamna. Mnatudanganya?

Hapana, ingawa tunajieleza vibaya. Sehemu kubwa ya pesa za mashirika haya ni zenye masharti. Mfadhili ametoa kwa ajili ya visima, eneo hili, mpaka tarehe hii. Huwezi kuzilipia kodi ya pango wala mshahara wa mhasibu zaidi ya kifungu kilichokubaliwa. Zikibaki, hurudishwa au huombewa ruhusa. Kwa hiyo inawezekana kabisa shirika likawa na akaunti nene huku likishindwa kununua tairi la gari.

Tazama mstari wa fedha zisizo na masharti. Huo ndio pumzi. Kanuni inayotajwa sana ni kuwa na akiba ya kuendeshea shirika miezi mitatu hadi sita, na wengi hawana hata mmoja. Januari 20, 2025, serikali ya Marekani ilipotangaza kusitisha misaada yake ya nje kwa siku 90, kisha shirika lake la misaada, USAID, likaacha rasmi kazi hiyo Julai 1 mwaka huo huo, mashirika yaliyokuwa na mfadhili mmoja mkubwa yaligundua kwamba yalikuwa na mwajiri, si mfadhili. Ripoti za mwaka huo zisome ukijua hivyo. Kinachoitwa "mageuzi ya kimuundo" mara nyingi ni watu waliopewa barua za kuachishwa kazi.

Je, si vizuri pesa zote ziende shambani, gharama za ofisi ziwe kidogo iwezekanavyo?

Kidogo mpaka wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lina mtu wa kulishika, naye ana mshahara. Yule aliyerudi na kamba na vigingi kuhesabu miche, kwenye vitabu huandikwa "uendeshaji". Mkataze, utabaki na ile 10,000 ya jalada.

Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani zinazowapa wachangiaji taarifa kuhusu mashirika ya hisani, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliandika barua ya wazi kuwaomba watu waache kulipima shirika kwa asilimia ya gharama za uendeshaji peke yake. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kununua magari ya kifahari. Linasema asilimia peke yake haijui tofauti kati ya mhasibu na gari la kifahari, kwa hiyo fungua maelezo ya hesabu utazame ni nini.

Mkaguzi ametoa hati safi. Inatosha?

Inatosha kwa kile inachokisema: kwamba hesabu zimeandaliwa sawasawa na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Hati yenye shaka inasema kuna sehemu hazijaridhisha, hati mbaya inasema hesabu haziaminiki, na wakati mwingine mkaguzi hukataa kabisa kutoa maoni kwa kukosa vielelezo. Lakini unaweza kupata hati safi kwa kununua miche kwa stakabadhi halali, kwa bei halali, na kuipanda ndani ya viriba vyake. Mkaguzi hakuja na kamba.

Mbona ukurasa umejaa vile vijisanduku vya rangi?

Hayo ni Malengo ya Maendeleo Endelevu, 17, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Chini yake kuna shabaha 169, na mashirika yanapenda kubandika vijisanduku bila kufika kwenye shabaha. "Tunachangia lengo la 12" ni maneno. "Tunachangia shabaha ya 12.3, kupunguza kwa nusu chakula kinachotupwa na wauzaji na walaji ifikapo 2030, na hivi ndivyo tulivyopima" ni kazi. Anayedai malengo kumi na mawili kwa wafanyakazi saba, mwache aeleze taratibu. Taarifa ya Umoja wa Mataifa yenyewe ya mwaka 2024 ilisema ni takriban asilimia 17 tu ya shabaha zinazokwenda vizuri, kwa hiyo kila ripoti ikidai mafanikio matupu, jumla yake haiwezi kupatana na dunia tunayoiona.

Kwa nini kila mpango unaishia 2030?

Kwa sababu ahadi kubwa zote zilielekezwa huko. Malengo yale 17 yanaisha mwaka huo. Muongo wa Umoja wa Mataifa wa kurejesha mifumo ya ikolojia ni wa 2021 hadi 2030. Makubaliano ya bayoanuwai, yaani ya kulinda aina za viumbe, ya Kunming na Montreal, Desemba 2022, yanataka asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ihifadhiwe ifikapo mwaka huo. Ahadi ya Bonn ya kurejesha misitu inazungumzia hekta milioni 350 ifikapo mwaka huo huo. Na mwaka 2018 jopo la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilieleza kwamba ili joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 juu ya lilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda, uchafuzi wa kaboni dioksidi ungepaswa kushuka takriban asilimia 45 chini ya kiwango cha 2010 ifikapo 2030. Mwaka 2024 peke yake ulishapita nyuzi 1.5, kwa hesabu ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ingawa mwaka mmoja haumaanishi kwamba lengo la mkataba wa tabianchi wa Paris limevunjwa, kwani hilo hupimwa kwa wastani wa miaka mingi.

Yote hayo ni muhimu kwa serikali. Kwa shirika dogo, 2030 mara nyingi ni pazia: mbali kiasi cha kutoulizwa leo. Nionyeshe Machi ijayo.

Nitajuaje kama "mipango ya mwaka ujao" ni mipango kweli?

Ina vitu vinne: mtu mwenye jina la cheo, fedha zilizokwisha kupatikana zikitenganishwa na zinazotarajiwa, tarehe, na jinsi itakavyojulikana kwamba imefanyika. Hivyo vinne kila mshauri atakuambia. Mimi huangalia cha tano: wanaacha nini? Shirika linaloongeza miradi mitatu kwa wafanyakazi wale wale bila kuacha hata mmoja halijapanga, limetamani. Na mpango mzuri unatokana na kilichoharibika. Kama miche ilikufa ikiwa kwenye viriba, mwaka ujao niandikie mafunzo ya nusu saa kabla ya kupanda na mtu wa kukagua mashimo, usiniandikie miche 20,000.

Halafu kuna kalenda, jambo ambalo ripoti hazilisemi kwa sababu linamgusa mfadhili. Mvua haina mwaka wa fedha. Mkataba husainiwa, fedha huchelewa miezi miwili kwenye taratibu za benki na ununuzi, zinafika mvua zikiwa ukingoni, na kifungu kinasema zitumike kabla ya robo kwisha. Basi miche inapandwa kwenye vumbi ili matumizi yaonekane. Kila aliyefanya kazi hii analijua, na wengi wamewahi kusimama juu ya shimo kavu wakijua kabisa wanachokifanya. Shirika lenye ujasiri huandika kwenye mpango wake: fedha zikifika baada ya tarehe fulani, tutatunza miche kitaluni mpaka msimu ujao, na tunaomba muda uongezwe. Ukiona sentensi hiyo, umepata watu wanaoijua kazi.

Kuandika yaliyoshindikana hakuwafukuzi wafadhili?

Wapo watakaoondoka. Engineers Without Borders ya Canada, shirika la wahandisi la misaada ya maendeleo, ilianza kuchapisha ripoti ya makosa yake mwaka 2008, na ikaendelea miaka kadhaa. Haikufa kwa hilo. Ila tofautisha kosa na majigambo yaliyojificha. "Changamoto yetu ni kwamba mahitaji ya jamii yalizidi uwezo wetu" si kosa, ni sifa iliyovaa kanga. Kosa huandikwa hivi: tulifanya hili, tulitegemea lile, likatokea lingine, tumelipia kiasi hiki, na sasa tumebadilisha hiki. Mtu anaweza kuliandika katika mistari mitano.

Mimi ni mchangiaji mdogo. Nina haki gani ya kuuliza?

Ile ile ya mkubwa. Tuma maswali mawili tu, mafupi: mwaka wa tatu kimebaki nini, na mmeacha kufanya nini? Subiri jibu wiki mbili. Ukijibiwa na mtu wa mradi badala ya ofisa mawasiliano, ni dalili njema. Ukijibiwa kwa kiungo cha ripoti ile ile uliyoisoma, pia umejibiwa.

Mbona ripoti ya mwaka uliokwisha Desemba inatoka katikati ya mwaka?

Mkaguzi, bodi, mchapaji. Hakuna siri.

Zile picha za jalada ni za kweli?

Ni za kweli, ni za siku moja. Mgeni rasmi ameinama, koleo mpya, mche una majani mengi kuliko utakayokuwa nayo wiki ijayo. Kinachokosekana ni picha ya pili. Gharama yake ni ndogo: pigilia kigingi cha chuma mahali ulipopigia ya kwanza, andika urefu wa kamera na upande inakoelekea, tumia lenzi ile ile, rudi mwezi ule ule kila mwaka. Nimeona ukuta wa ofisi wenye picha sita za namna hiyo zikiwa zimefuatana: kilima kile kile, jiwe lile lile pembeni. Katika ya pili kilima kinaonekana kibaya kuliko katika ya kwanza. Kwenye ya nne kuna kivuli. Picha zile hazikuwahi kuingia kwenye ripoti. Niliambiwa ya pili ingewatisha watu.